Mwanafunzi Analala Wapi? Bweni, Geto na Nyumba Salama katika Tarime na Serengeti

Tunapoandika historia ya elimu nchini mwetu huhesabu madarasa, walimu na madawati. Kitanda cha mwanafunzi hukihesabu nani? Nimekuwa nikisoma historia ya shule za Mara kwa muda sasa, na nimefikia kuamini kwamba katika wilaya za Tarime na Serengeti swali la mahali mwanafunzi alipolala limeamua mengi zaidi kuliko swali la alichofundishwa.

Tuanze na mwanafunzi mashuhuri kuliko wote wa mkoa huu. Mwaka 1934 Julius Nyerere aliondoka Butiama kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, umbali wa kilometa arobaini na ushei. Mtoto wa umri wa miaka kumi na miwili hawezi kutembea mwendo huo kila asubuhi, na asingekuwa mwanafunzi kama Mwisenge haikuwa shule ya bweni. Baadaye alilala Tabora, kisha Makerere. Mwaka 1949 alipofika Edinburgh kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, alipata malazi katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya watu kutoka makoloni, mtaa wa The Grange. Nyumba za aina hiyo hazikuwa hisani tupu. Wenye nyumba wengi wa Uingereza walikuwa wakimfungia mlango mpangaji mweusi, na ubaguzi katika upangishaji haukupigwa marufuku kisheria nchini humo hadi mwaka 1968. Serikali ya kikoloni ilifahamu kwamba mwanafunzi aliyeachwa atafute chumba mwenyewe katika mji usiomtaka angeweza kushindwa masomo, au angerudi nyumbani na hasira ya kisiasa. Ilimtafutia kitanda kwa sababu zake yenyewe, lakini ilimtafutia.

Mantiki ya bweni iliendelea baada ya uhuru kwa sababu nyingine. Shule za sekondari zilikuwa chache, na serikali ilitaka vijana wa makabila mbalimbali waishi chini ya paa moja. Kijana wa Kikurya aliyefaulu darasa la saba angeweza kupangiwa shule iliyo mbali kabisa na Mara, akapewa hati ya kusafiria na akakuta kitanda. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa katika mkoa huuhuu, liliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Sekondari ikabaki mlango mwembamba. Ila kila aliyepita hakulazimika kuuliza atalala wapi.

Mlango huo ulipanuliwa kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na kwa agizo kwamba kila kata iwe na sekondari yake. Sitaki kuungana na wanaozibeza shule za kata. Bila shule hizo, maelfu ya watoto wa wakulima na wafugaji wangeishia darasa la saba. Lakini zilijengwa kama shule za kutwa, kwa dhana kwamba kata ni kijiji kikubwa. Katika Serengeti, kata inaweza kuwa na vijiji vilivyotawanyika hadi mpakani mwa hifadhi, na huko njia ya shule ni njia ya tembo pia. Mzazi akamtafutia mwanawe chumba cha kupanga karibu na shule. Vijana wenyewe wakakiita geto.

Geto ni taasisi ambayo haimo katika waraka wowote, ingawa kila mwalimu mkuu anaijua. Ni chumba kimoja, godoro, ndoo, jiko la mkaa na unga ulioletwa na mzazi siku ya gulio. Wenye nyumba wengine ni walezi wema kuliko ndugu. Lakini unga ukiisha kabla ya gulio jingine, msichana wa kidato cha pili anabaki na hesabu asiyopaswa kuipiga peke yake. Mwaka 2016 Bunge liliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Mwaka huohuo kufutwa kwa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari za serikali kulianza kutekelezwa. Hatua moja iliadhibu, nyingine ikaondoa gharama ya darasa. Kodi ya chumba ilibaki kwa mzazi.

Hata bweni, ambalo sote tunalipigia debe, lina kasoro yake Tarime na Serengeti. Hufungwa Desemba. Na Desemba, hasa ya miaka inayogawanyika kwa mbili, ndio msimu ambao wazee wa mila, inchama, hutangaza tohara katika koo nyingi za Kikurya. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, lakini wapo wazazi ambao kwao binti aliyekeketwa ameiva kwa mahari. Kwa hiyo msichana aliyelala salama Januari hadi Novemba hurudishwa nyumbani wiki ileile ambayo nyumbani ndipo mahali pa hatari zaidi. Mpaka wa Kenya hausaidii sana. Wakurya wako Sirari na wako Isebania, na ngariba anayetafutwa upande mmoja ana shemeji upande wa pili.

Pengo hilo lilizibwa na watu wa dini na wanaharakati. Kituo cha Masanga, Tarime, kilianza kuwapokea wasichana mwaka 2008. Nyumba salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, ikiongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye baadaye aliasisi shirika la Hope for Girls and Women. Huwa tunazitaja nyumba hizi kama makimbilio, na ndivyo zilivyo. Lakini msimu ukiisha, maafisa huzungumza na wazazi, baadhi ya wasichana hurudi kwao, na wale ambao wazazi wamekataa kuwapokea hubaki na kusoma wakitokea hapo. Hayo ni malazi ya wanafunzi, tena ya kudumu, yanayoendeshwa kwa michango.

Wilaya hizi si fukara kiasi hicho. Tarime ina mgodi wa dhahabu wa North Mara, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 kampuni ya mgodi inatakiwa kuandaa mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii pamoja na halmashauri. Serengeti ina jina linalovuta watalii wa dunia nzima. Fedha hizo hujenga madarasa, na mara nyingine mabweni. Ugumu upo katika mgawanyo wa kazi wa halmashauri zetu: bweni ni la idara ya elimu, nyumba salama ni ya ustawi wa jamii. Msichana yuleyule ni wa afisa elimu hadi siku ya kufunga shule, na kesho yake asubuhi ni wa afisa ustawi, ambaye mara nyingi hana gari, hana kitanda, na hana orodha ya majina iliyobaki kwa mwalimu mkuu.