Chanuka: Mbona Kutoa Ndevu Humgharimu Mwanamke Trans Mamilioni Huko Marekani

Wengi hudhani mwanamke trans akishaanza homoni, ndevu huisha zenyewe. Zii! Estrojeni hulainisha ngozi na kupunguza nywele za mwili, lakini ndevu zikishaota kidevuni haziendi mahali. Lazima zitolewe, na hapo ndio mfuko hutoboka. Wacha tucheki Marekani, ju huko watu wamevutana sana na bima kuhusu hii stori.

Njia ni mbili

Ya kwanza ni leza. Mwanga hufuata rangi nyeusi ya nywele na kuchoma mzizi. Ni ya haraka, lakini unarudi kila baada ya wiki kadhaa, mara sita au zaidi. Haishiki mvi. Na ka ngozi yako ni nyeusi, mashine isiyofaa itakuchoma ikuachie madoa. Ile salama zaidi kwa ngozi yetu inaitwa Nd:YAG.

Ya pili ni elektrolisisi. Ilianza mwaka wa 1875, daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis alipoitumia kutoa kope zinazoota kuelekea jicho. Sindano nyembamba huingia pale unywele unatokea, stima kidogo inapita, mzizi unakufa. Unywele mmoja mmoja, msee. Hii ndiyo FDA, idara inayosimamia dawa na vifaa vya tiba Marekani, hutambua kuwa inaondoa nywele kabisa. Leza inahesabiwa kuwa ya kupunguza tu.

Piga hesabu

Uso wenye ndevu nyingi unaweza kula saa 100 hadi 300, kwa mwaka mmoja au zaidi, ju nywele haziamki zote pamoja. Tuseme saa moja ni dola 100. Saa 200 ni dola 20,000, yaani kama milioni 2.6 za Kenya, dola ikiwa shilingi 130.

Kuna gharama nyingine watu husahau. Sindano inataka unywele wa kushikika, so lazima aache ndevu ziote siku kadhaa kabla ya kuenda. Sasa jiweke hapo: wewe ni dada wa mapokezi na unafaa kuingia job na ndevu. Ukiomba ruhusa ukae nyumbani, mshahara unakatwa.

Bima nayo?

Kampuni nyingi husema huo ni urembo. Lakini mwongozo wa WPATH, muungano wa wataalamu wa afya ya watu trans, toleo la 8 la 2022, unahesabu kutoa nywele kama tiba inayohitajika. Noma zaidi ni hii: bima inaweza kukubali kulipia upasuaji wa kutengeneza uke, halafu ikatae kulipia kutoa nywele kwa ile ngozi itakayotumika. Na madaktari wengi hawapasui kabla zitoke, ju zikibaki zitaota ndani.

Hata bima ikikubali, wataalamu wengi wa elektrolisisi si madaktari na hawana mkataba nayo. Unatanguliza doo zako, unangoja kurudishiwa. Ka huna za kutanguliza, hiyo "ndiyo" ni karatasi tu.

Sheria pia huyumba. Sheria ya Obamacare ya 2010 ilikataza ubaguzi wa jinsia kwa matibabu, na kanuni za 2016 zikasema hiyo inalinda watu trans pia. Mwaka wa 2025 serikali ikatoa kanuni ya kuondoa huduma zao kwa orodha ya zile za lazima kwa bima hizo kuanzia 2026.

Wanatokaje?

Wengine huanza na leza kupunguza msitu, halafu sindano inamalizia zilizobaki. Wengine huenda shule za elektrolisisi, ambako wanafunzi hufanya kwa bei ya chini. Wanaofuata bima huomba barua ya daktari inayosema hii ni tiba, wanataka kibali kwa maandishi kabla ya kuanza, na wakikataliwa wanakata rufaa.

Na wewe manzi mwenye PCOS unayenyoa kidevu kimyakimya, mashine ni hizo hizo, na bima inaweza kukuambia vile vile ni urembo. Kabla ulipe popote, uliza vitu vitatu: mashine ni gani, itachukua saa ngapi kwa jumla, na risiti itaandikwa tiba ama urembo.