Ubao upi ufaao kiwiliwili cha gitaa la umeme? Hesabu ya seremala wa Burat

KATIKA wadi ya Burat, magharibi mwa mji wa Isiolo, fundi seremala amezoea kuagizwa vitanda, viti, milango na mizinga ya nyuki. Hata hivyo, siku moja huenda akafikiwa na kijana wa kwaya aliyebeba gitaa la umeme lililopasuka kiwiliwili, shingo yake, vinasa vyake na vyuma vyake vyote vikiwa bado vizima. Kijana huyo hana fedha za kununua gitaa jipya. Ombi lake ni dogo: achongewe kiwiliwili kingine cha ubao. Hapo ndipo swali la ubao upi huzuka, na jibu likikosewa, kijana atarudi baada ya miezi miwili na ufa mwingine.

Akitafuta ushauri, fundi ataambiwa kwamba gitaa bora huchongwa kwa alda (Alnus rubra) au eshi (Fraxinus), miti ya Marekani ambayo haimo katika yadi yoyote ya mbao kutoka Isiolo hadi Meru. Ataambiwa pia kwamba kila mti una sauti yake, huu mtamu, huu mkali, huu mzito. Kabla ya kukata tamaa, yafaa afahamu gitaa hilo hufanyaje kazi.

Udi wa Zanzibar au gitaa la kawaida lisilo la umeme hutegemea uso mwembamba wa mbao ambao hutetemeka pamoja na nyuzi na kusukuma hewa. Ubao huo ndio kipaza sauti chenyewe, na aina yake ina uzito mkubwa katika sauti. Gitaa la umeme si hivyo. Chini ya nyuzi zake za chuma huwekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambazo hapa tunaziita vinasa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo huzalika ndani ya waya, hupita katika kebo na kukuzwa na amplifaya. Kinasa hakisikii mbao, husikia chuma. Kiwiliwili hushiriki kwa njia ya pembeni tu, kwa kunyonya sehemu ndogo ya nguvu za uzi.

Wataalamu wawili wa Ujerumani, Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker, walilipima jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1990. Waligundua kwamba zile noti zinazofifia upesi kuliko nyingine katika gitaa husababishwa hasa na mtetemo wa shingo, kwa kuwa kiwiliwili kinene hutikisika kidogo mno kikilinganishwa na shingo nyembamba. Kwa hivyo, anayetaka kutumia fedha zake kwa ajili ya sauti na aanze na vinasa, nyuzi na shingo iliyonyooka. Ubishi kuhusu sauti ya kiwiliwili haujaisha miongoni mwa wapigaji, lakini mwandishi wa makala haya haoni kwa nini umzuie fundi wa Burat kulala usingizi.

Historia yenyewe inaunga mkono maoni hayo. Leo Fender wa California, ambaye gitaa lake la Telecaster lilipata jina hilo mwaka 1951, alitumia eshi. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa ya eshi pia, lakini kuanzia 1956 nyingi zilichongwa kwa alda, mti uliopatikana kwa urahisi na kupokea rangi vizuri. Kampuni ya Gibson nayo, katika Les Paul ya mwaka 1952, ilitumia mahogani na kuifunika kwa mbao za ule mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Danelectro waliuza magitaa yaliyofunikwa kwa mbao za nyuzinyuzi zilizokandamizwa, bidhaa ya bei ya chini kabisa, na yakapendwa. Mwaka 2020 Fender walitangaza kupunguza matumizi ya eshi kwa sababu ya mdudu anayeiangamiza miti hiyo na mafuriko yaliyovuruga ukataji kandokando ya mto Mississippi. Kila mmoja, basi, alichukua ubao uliokuwa karibu naye, na sifa za sauti zikafuata baadaye. Waliocheza 'Sina Makosa' ya Les Wanyika mwishoni mwa miaka ya 1970 hawakuuliza gitaa lile lilichongwa kwa mti gani.

Je, kama si sauti, fundi achague kwa kigezo gani? La kwanza ni uzito. Kiwiliwili cha kawaida huwa na urefu wa sentimita 46 hivi, upana wa 32 na unene wa 4.5. Ukishaondoa mikato ya pembeni na mashimo ya vinasa, hubaki ubao wa ujazo wa takriban lita nne. Uzito wa mbao kavu kwa lita ndio utakaoamua kama mpigaji atasimama ibada nzima au ataomba kiti. Alda ya Marekani ina uzito wa karibu gramu 450 kwa lita, yaani kiwiliwili cha kilo moja na gramu mia nane. Shingo na vyuma huongeza kilo moja na nusu hivi.

Fundi asiye na mizani anaweza kutumia ndoo. Achukue kipande kikavu chenye unene ulio sawa kote, kama rula ndefu, akizamishe wima ndani ya maji huku akikishikilia kidogo tu kisianguke, kisha atazame kimezama kiasi gani. Kikizama nusu, mbao hiyo ina gramu 500 kwa lita. Kikizama robo tatu, ni 750, na hapo afikiri mara mbili. Afanye haraka, kabla maji hayajapenya.

Kwa kipimo hicho, ubao unaokaribia alda kuliko wote ni saipresi, mti wa mashamba ya serikali na ya watu binafsi unaouzwa karibu kila yadi. Ni mwepesi, hunyooka, hurandika bila taabu na bei yake haiumizi. Kasoro zake ni mbili. Ni laini, hivyo skrubu za shingo zikifunguliwa na kufungwa mara nyingi hula tundu hadi zikalegea. Pia una vifundo, na kifundo kikiangukia mahali pa daraja la nyuzi ni balaa. Dawa ya kasoro ya kwanza ni kupachika vigingi vya mbao ngumu pale skrubu zinapoingia. Dawa ya pili ni kuchagua kwa macho na kukataa ubao mbaya hata kama muuzaji ananuna.

Mgrivea, ambao Wameru na Wakikuyu huuita mukima, una asili ya Australia lakini umekuwa mwenyeji wa mashamba ya kahawa na chai kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Kwao Australia nako umeshatumika katika magitaa. Uzito wake ni kati ya gramu 550 na 600 kwa lita, na ukipasuliwa vizuri huonyesha madoadoa ya kung'aa ambayo hayahitaji rangi, vanishi tu yatosha. Skrubu hushika barabara. Hata hivyo sehemu nyeupe ya nje hupendwa na bungua, na ni heri iondolewe yote. Kwa maoni yangu, huu ndio ubao wa kwanza wa kuulizia. Hukuzwa na wakulima wenyewe, hukua upesi, na kuukata hakupunguzi msitu wa asili hata kwa mti mmoja.

Mukau (Melia volkensii) wa Ukambani na Tharaka ni mshindani wake wa karibu. Huu ni mti wa nchi kavu, mchwa hawauwezi, na rangi yake ya hudhurungi huwafanya wengi waufananishe na mahogani. Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, imefanya kazi ya miaka mingi katika kituo chake cha Kitui kuzalisha mbegu bora za mti huu. Ni mzito kidogo kuliko mgrivea, lakini hauchoshi bega. Anayeishi Burat ana sababu ya ziada ya kuupenda, kwani ni mti unaoweza kustahimili ukame wa kwao.

Kuna muuru (Vitex keniensis), ambao wafanyabiashara huuita mwaloni wa Meru ingawa si mwaloni. Ni mti wa Kenya pekee, hupatikana upande wa Mlima Kenya unaotazama Meru, hulainika chini ya randa na hung'aa vizuri. Lakini umo katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Upo uliopandwa, na huo hauna lawama. Muuzaji asiyeweza kuonyesha ulikotoka apitwe.

Mvule na mkangazi ni mbao nzuri, na mkangazi hasa ni jamaa wa karibu wa mahogani ya Gibson. Tatizo ni safari yake. Nyingi huja kutoka nje ya mipaka, na tangu mkutano wa CITES wa Novemba 2022 miti ya jamii ya Khaya ya Afrika, ambamo mkangazi umo, imewekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa. Mpingo nao, fahari ya waundao zumari za kizungu, una zaidi ya gramu 1,200 kwa lita. Huzama ndani ya ndoo kama jiwe. Kiwiliwili chake kingekuwa na karibu kilo tano kabla ya kufungwa hata skrubu moja.

Unabaki mti ambao wafugaji wa kaskazini hawahitaji kuelezwa: mathenge (Prosopis juliflora). Uliletwa ili kuzuia jangwa, ukageuka msitu wa miiba. Katika kesi iliyoanza mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu yake, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Mwaka 2008 ulitangazwa rasmi kuwa gugu haribifu. Kuukata, basi, ni kumsaidia jirani. Mbao zake ni ngumu, nyekundu iliyoiva, na zikikauka hazipindi ovyo. Huko Texas mafundi huchonga magitaa kwa mti wa jamii hiyo hiyo. Lakini una gramu 800 hivi kwa lita au zaidi, na magogo yake ni membamba na yamepinda, hivyo vipande vinne au vitano vitalazimika kuunganishwa kwa gundi ili kupata upana wa sentimita 32. Gitaa zima litakaribia kilo tano. Ushauri wangu ni kuutumia mahali pengine: ule ubao mwembamba unaobandikwa juu ya shingo, ambapo vidole hubonyeza nyuzi. Hapo panahitajika mbao ngumu isiyolika, na kipande kirefu cha sentimita 50 chenye upana wa saba hupatikana hata kwa mathenge.

Mgunga wa kandokando ya mto Isiolo usiguswe. Ni mzito mno kwa kazi hii, na kivuli chake na maganda yake ni chakula cha mifugo wakati wa kiangazi. Sheria nayo ina meno. Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 ilihusu misitu ya umma na ya jamii, na Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023, kwa ajili ya miti iliyokomaa katika mashamba ya serikali, suala hilo lilifika mahakamani. Misitu ya asili haikufunguliwa. Anayesafirisha mbao huhitaji kibali cha Idara ya Misitu, KFS, na fundi mwerevu huomba risiti na kuitunza.

Baada ya kuchagua, kazi iliyo kubwa kuliko zote ni kukausha, na hapa ndipo magitaa mengi hufia. Mbao zinazoshuka kutoka Meru, penye ukungu na mvua, zimezoea unyevu wa kule. Zikifikishwa Burat, kwenye joto na upepo mkavu, huendelea kupoteza maji na kunywea. Ukichonga leo ubao uliofika jana, tundu la shingo litabadilika umbo na nyuzi zitainuka. Fundi apake rangi au nta kwenye ncha za ubao, kwa sababu huko ndiko maji hutoka upesi na nyufa huanzia. Apange mbao kivulini, si juani, akitenganisha kila ubao na mwenzake kwa vijiti. Desturi ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ijapokuwa hewa ya Isiolo huharakisha mambo. Kipimo cha uhakika ni mizani ya duka: ubao upimwe kila wiki, na uzito ukishakaa palepale kwa wiki nne mfululizo, uko tayari.

Kijana mwenye haraka anaweza kupunguziwa kungoja kwa njia moja tu ninayoiamini. Atafute mbao kuukuu za mgrivea au saipresi kutoka mlango au meza iliyokaa Isiolo miaka mingi, zing'olewe misumari, zirandwe na kuunganishwa kwa gundi hadi zifike unene wa sentimita 4.5. Zimekwisha kunywea kiasi cha kunywea. Vumbi lake, kama la mvule, huwasha pua na macho, kwa hivyo kitambaa usoni ni lazima, na vanishi ipakwe pia ndani ya mashimo ya vinasa, pale ambapo wengi husahau.