Nyota Iliyopinduliwa Ukutani kwa Rotwang

Picha hii anaijua hata ambaye hajawahi kuitazama filamu yenyewe: roboti mwenye umbo la mwanamke amekaa kitini, na ukutani nyuma yake ipo nyota kubwa ya ncha tano iliyopinduliwa, ncha mbili juu, moja chini. Mitandaoni haipumziki. Leo ni alama ya Freemason, kesho ni ibada ya shetani ya Hollywood, ilhali Metropolis ya Fritz Lang ilipigwa Ujerumani, kwenye studio za Ufa huko Babelsberg, ikaoneshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927.

Mjerumani aliyemsoma Goethe hakuwa na haja ya kufafanuliwa. Katika tamthilia ya Faust, nyota ya namna hiyo imechorwa kizingitini. Pembe moja haikufungwa sawasawa, basi ibilisi Mephistopheles akapenya ndani, kisha akashindwa kutoka mpaka alipomwita panya aitafune. Huko nyota ni kinga, ni komeo la mlango. Habari ya kuipindua ni ya karibuni zaidi: Mfaransa Éliphas Lévi, katika vitabu vyake vya miaka ya 1850, ndiye aliyeeneza fundisho kwamba ikiwa wima ni mwanadamu, kichwa na viungo vinne, na ikipinduliwa ni mbuzi na pembe zake. Ile ya ukutani kwa Rotwang, aliyemuunda roboti huyo filamuni, imeelekezwa upande wa mbuzi.

Rotwang ni mvumbuzi, lakini angalia anapokaa. Katikati ya maghorofa ya mji wa kesho kimebaki kibanda cha kale kilichopinda, na mlangoni pana nyota nyingine. Thea von Harbou, mkewe Lang na mwandishi wa hadithi hiyo, anasema katika riwaya yake kwamba nyumba ilijengwa na mchawi aliyetoka Mashariki, na alama ya mlangoni anaiita muhuri wa Suleiman. Wapwani wanaujua muhuri huo kwenye hirizi, tena kwa kazi ya kulinda.

Miaka mingi baadaye Lang alieleza kuwa yeye na von Harbou walikusudia pambano la wazi kati ya sayansi ya kisasa na uchawi wa zama za kati, kisha akaingiwa na woga akauondoa uchawi. Ndiyo maana naiona nyota ile kama kovu la hadithi iliyokatwa. Mitambo inatoa cheche, pete za mwanga zinapanda na kushuka mwilini mwa roboti, lakini ukuta unasema huu ni uganga.

Mmoja wa wapiga picha wa Metropolis, Karl Freund, alikuwa ameshapiga Der Golem ya Paul Wegener mwaka 1920. Humo rabi wa Prague anamwita pepo Astaroth ampe neno la uhai, analitia kwenye nyota iliyo kifuani mwa sanamu la udongo, na sanamu linafumbua macho. Mtoto mdogo anaichomoa nyota, jitu linaanguka. Kiumbe cha kutengenezwa, mwenye elimu ya siri, nyota: Metropolis iliyakuta yote tayari.

Anayetafuta mfuasi wa kweli wa elimu ya siri aende kwa Albin Grau, msanifu wa mandhari na mavazi ya Nosferatu ya mwaka 1922, aliyekuwa mwanachama wa chama cha siri mjini Berlin. Naye hakuchora nyota kubwa ukutani. Alama zake alizijaza kwenye barua ya Count Orlok, ambayo mtazamaji huiona kwa muda mfupi tu.

Kilichoipa nyota ya Lang sifa mbaya zaidi ni mkasi. Rotwang alimuunda roboti ili amrudishe Hel, mwanamke aliyempenda, ambaye aliolewa na mtawala wa mji akafa katika uzazi. Waliofupisha filamu kwa ajili ya Marekani walimtoa Hel kabisa; nyota ikabaki, sababu ikaondoka. Mwaka 2008 nakala ndefu ilipatikana katika jumba la makumbusho ya sinema Buenos Aires, imekwaruzika vibaya, na mwaka 2010 watazamaji wa Berlin walimwona tena Rotwang mbele ya sanamu la Hel, akigombana na mumewe.