Picha Zisizo na Majina: Kumbukumbu ya Migodi ya Katanga

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaifundisha kwa mifano ya biashara; lakini kumbukumbu ya watu nayo ni mali, na yafaa tuulize daftari lake limo mikononi mwa nani.

Tuutazame mji wa Lubumbashi, nchini Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukategemea shaba ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Kampuni iliweka daftari lake: ilipiga picha za mitambo, za wasimamizi na za vibarua. Ilipotaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, migodi ikawa ya shirika lililokuja kuitwa Gécamines, ambalo uzalishaji wake ulianguka vibaya katika miaka ya 1990.

Sammy Baloji, msanii na mtafiti aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alizifufua picha hizo. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006 uitwao Mémoire, yaani Kumbukumbu, alitumia kompyuta kuwatoa watu katika picha za kale zisizo na rangi, akawasimamisha katika picha za rangi za viwanda vilivyogeuka magofu. Waliotoa jasho wamerudi kazini, wala hawakuti kazi. Mtazamaji hana budi kuuliza: utajiri ule ulikwenda wapi?

Hata hivyo, kompyuta haiwezi kurudisha kisichoandikwa. Sura za vibarua twaziona. Majina yao hatuyajui. Sauti yapatikana kwingine. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha wenyeji wake, akiwaeleza Wazungu kwa macho ya aliyewatumikia. Maandishi hayo yalitolewa kitabuni na mtaalamu Johannes Fabian mwaka 1990, na baadaye yakawekwa kwenye intaneti. Wengi wetu tungeyajaza wino mwekundu kwa kutofuata Kiswahili sanifu. Kumbe yametunza yale ambayo picha za kampuni hazikuyasema.

Ndugu walimu, tuwatume wanafunzi wetu kwa wazee. Wayaandike maneno yao kama yalivyotamkwa, pamoja na jina la msemaji, mahali na tarehe. Kusahihisha kutakuja baadaye, mzee hangoji.