Njia Zisizomo Kwenye Selform: Kashozi na Ushauri wa Kazi kwa Wanafunzi wa Sekondari

Mwanafunzi wa kidato cha nne anapokalishwa kujaza selform, hupanga tahasusi na vyuo anavyovitamani, kuanzia anachokipenda zaidi. Aghalabu huijazia darasani, wenzake wakichungulia, mwalimu akihimiza kwa sababu taarifa lazima ziingizwe kwenye mfumo wa TAMISEMI. Huyu ataandika PCB kwa kuwa kaka yake alisoma PCB. Yule ataandika HGL kwa kuwa hesabu zimemshinda. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65 badala ya 16 za awali, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, fomu bado haina mahali pa kumuuliza kijana wa Kashozi, kwetu Bukoba, ni kazi gani amewahi kuishuhudia kwa karibu, tangu inapoanza asubuhi hadi mwenyewe anapofunga jioni na kuhesabu alichopata.

Hoja yangu ni kwamba ushauri wa kazi katika sekondari zetu huja umechelewa, na kwa sababu ya kuchelewa huko hugeuka kuwa pole. Matokeo yakishatoka, aliyepata daraja la kwanza hupongezwa, aliyepata la nne huambiwa, "Usijali, VETA ipo." Neno VETA likitamkwa kwa sauti ile, ya mtu aliyeko msibani, hakuna kijana atakayelisikia kama jina la chuo cha ufundi. Na hawa wanaopewa pole si wachache. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024 zaidi ya asilimia 90 ya watahiniwa walihesabiwa kuwa wamefaulu, lakini waliopata daraja la kwanza hadi la tatu hawakufika nusu. Wengi wa watoto wetu, basi, hukutana na suala la kazi siku wanayojiona wameshindwa.

Kashozi ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili, kwa sababu hapa kusoma kuna historia ndefu. Mapadri Weupe, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, walianzisha misheni hapo mwaka 1892, baada ya vita vya Buganda kuwasukuma kusini. Kizazi kwa kizazi, aliyejua kusoma ndiye aliyekuwa katekista, karani, mwalimu, padri. Laurean Rugambwa, mtoto wa Buhaya, alikuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Watanzania wengine wakatupachika sisi Wahaya jina la utani linalotokana na lugha yetu wenyewe, nshomile, yaani "nimesoma". Wanaolitamka kwa kutania husahau kwamba jina hilo limebeba hesabu sahihi kabisa: kwa karibu karne nzima, kitabu ndicho kilichomtoa mtu kwenye jembe na kodi, kikampa mshahara usiotegemea mvua wala bei ya kahawa.

Mwaka 1965 mtafiti wa elimu Philip Foster, akiandika kuhusu Ghana, aliwaonya wapangaji wa elimu wasidhani kwamba vijana wa Afrika wanakimbilia masomo ya darasani kwa sababu mtaala umewapotosha. Alisema wanasoma soko la ajira kuliko wanavyosoma mtaala. Wanaona nani analipwa, nani anaheshimiwa, kisha wanachagua. Ukimfundisha kijana useremala huku karani akilipwa mara tatu ya seremala, atautumia useremala wako kutafutia ukarani. Naamini Foster alikuwa sahihi kuhusu zama zake, na mzazi wa Kashozi aliyeuza kahawa ili mwanawe aende sekondari ya Ihungo au bintiye aende sekondari ya Rugambwa asingehitaji kumsoma ili amwelewe.

Lakini hoja ya Foster inategemea kitu ambacho leo hakipo: kwamba kijana anaona soko. Zamani aliliona. Karani alipita na baiskeli yake, kila mtu akajua. Leo ajira za ofisini ni chache kuliko wahitimu, na kazi zinazolipa zimejificha mahali ambapo mwanafunzi wa bweni hafiki. Anachokiona ni mwalimu wake, muuguzi wa zahanati na bodaboda. Kwa hiyo anachagua kwa kutazama soko la wazazi wake.

Tulishawahi kujaribu kulitibu tatizo hili kwa mtaala. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe badala ya kuwa kitalu cha kuchagulia wachache wa kwenda sekondari. Miaka ya sabini sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Shamba la shule likageuka adhabu ya waliochelewa namba. Karakana zikakaa na mashine zisizo na vipuri. Mtihani uliomvusha mtu kwenda kidato cha tano ukabaki ule ule wa karatasi. Wanafunzi walilisoma hilo upesi kuliko wakaguzi.

Sasa tuna jaribio jingine, na kwa maoni yangu ni zuri kuliko yaliyotangulia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na ujuzi wa kazi, na utekelezaji ulianza kwa kidato cha kwanza Januari 2024. Mkondo wa amali umebuniwa ili mhitimu atoke na cheti cha ujuzi pamoja na cha kidato cha nne. Tofauti na mchepuo wa zamani ni kwamba safari hii mtihani wenyewe umeguswa. Hatari iliyobaki ni moja, nayo ni kubwa: nani ataingia mkondo huo, na ataingia akijua nini? Mtoto wa miaka 13 au 14 anayepelekwa kwenye amali kwa sababu alama zake ni ndogo amepewa pole mapema zaidi, basi.

Asubuhi moja kwenye shamba la vanila ingemsaidia mtoto huyo kuliko mihadhara kumi. Vanila imekuwa ikilimwa Bukoba na Muleba kwa miaka mingi, chini ya kivuli cha migomba na mikahawa, na ua lake halina huruma kwa mvivu. Linachanua asubuhi, kufikia mchana limeanza kunyauka. Lisipochavushwa siku hiyo, hakuna tunda. Mdudu wa kulifanyia kazi hiyo hayupo kwetu. Mchavushaji hushika kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno, akachana ua upande, akainua kile kiutando kinachotenganisha dume na jike, kisha akabonyeza kwa kidole gumba mpaka chavua inate. Ni sekunde chache kwa ua moja, halafu linalofuata, kabla jua halijakomaa. Mbinu hii iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtumwa mwenye umri wa miaka 12, na hadi leo haijapata mbadala wa maana. Tunda hukaa kwenye mmea takriban miezi tisa, kisha huchemshwa kidogo, hufunikwa litoe jasho, huanikwa, na huwekwa kwa miezi hadi lipate harufu yake. Humo mna biolojia, kemia na hesabu za biashara, na mna kazi nne au tano tofauti ambazo fomu haina jina lake hata moja.

Nimeichagua vanila kwa sababu inaonekana vizuri, lakini ningeweza kusema hayo hayo kuhusu fundi anayetengeneza injini za mitumbwi kwa wavuvi wa visiwa vya Muleba, au msichana anayepima unyevu wa kahawa ya maganda kabla ya mnada. Ujuzi wa namna hii ukikosa wa kuurithi hupotea. Karibu na Maruku, eneo la Katuruka, wanaakiolojia wakiongozwa na Peter Schmidt walikuta ushahidi wa uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo walikubali kuirudia mbele ya watafiti. Ilibidi wajaribu tena na tena, kwa kuwa walikuwa wameiacha kwa miongo mingi. Ujuzi ule ulikuwa mikononi mwa mafundi na wanagenzi wao tu. Shule ilipokuja haikuuandika, na wanagenzi walipokwisha nao ukaisha.

Wanagenzi wapo hata sasa. Pita kwenye gereji yoyote ya pikipiki barabara ya kuingia Bukoba mjini utawakuta, wawili au watatu, mikono imejaa grisi. Mzazi amempa fundi kiasi cha fedha, au amemwomba tu kwa ujirani, na kijana atakaa hapo mpaka fundi aseme anatosha. Hana cheti. Siku mradi mkubwa unapopita, kama bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani ambalo limekatiza Missenyi, Bukoba na Muleba, mlango wa kwanza unadai karatasi. Serikali inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kupitia VETA, na kwangu huo ni miongoni mwa mambo ya busara kabisa tuliyoyafanya katika elimu. Tatizo ni kwamba mwalimu wa malezi na unasihi, ambaye ana vipindi vyake vya kufundisha kama wenzake, hana sababu ya kuujua, wala hajapewa nauli ya kuwapeleka vijana Burugo wakaone chuo cha ufundi cha mkoa, Maruku wakaone chuo cha kilimo, au Gera kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita. Wengine wanasema mazungumzo yote ya ufundi ni njia ya kistaarabu ya kuwaambia watoto wa maskini wasitamani chuo kikuu, huku watoto wa wanaoyaandika wakienda huko huko. Pingamizi hili ni la haki. Jibu lake liwe kwenye mpangilio, maana maneno peke yake hayamtulizi mtu: cheti cha ufundi kiwe na daraja linaloonekana la kupandia hadi stashahada na shahada, na mtoto wa daktari naye apelekwe gereji kidato cha pili, sawa na mtoto wa mvuvi. Ziara ikiwa ya waliofeli, imekufa.

Kwa wasichana kuna jambo la ziada. Tukimwambia binti wa Kihaya kwamba kilimo cha kahawa au vanila ni kazi yenye heshima, atatuuliza, kwenye kibanja cha nani? Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri lililoanzia Muleba, aliamua kwamba mila ya Kihaya inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Hukumu hiyo husomwa vyuo vya sheria nchi nzima. Sioni kwa nini isisomwe kwenye kipindi cha unasihi, maana mshauri anayemwelekeza binti kwenye kazi inayohitaji ardhi bila kumweleza haki yake juu ya ardhi amemwelekeza kwenye kibarua cha kaka yake.

Kinachoweza kuanza bila kusubiri waraka ni daftari. Kila sekondari inajua imepata daraja la kwanza ngapi na sifuri ngapi, kwa kuwa NECTA hutangaza matokeo. Ni nadra kukuta shule inayojua wahitimu wake wa miaka mitatu iliyopita wako wapi. Mwalimu wa unasihi angeweza kuwatafuta arobaini, kwa simu, kanisani, msikitini, gulioni, akaandika nani anashona, nani yuko chuo cha uuguzi Ndolage, nani alikata tamaa akaenda Mwanza, nani anachomelea vyuma na kwa nani alijifunza. Wale walio jirani waombwe wapokee watoto wawili wawili wa kidato cha pili kwa wiki moja ya likizo. Mtoto akirudi, asiulizwe kama ameipenda kazi. Aulizwe aliona nini asubuhi, mteja wa kwanza alilipa kiasi gani, na fundi alifanya nini kifaa kilipovunjika. Majibu yaandikwe kwenye daftari lile lile, na lilale ofisini, mahali ambapo selform hujaziwa.