Gumba la Mkono wa Shoto

Wengi wanaoanza kujifunza gitaa hudhani kwamba mkono wa shoto, ambao kazi yake ni kubana nyuzi juu ya shingo ya ala hiyo, hupata nguvu kwa kukaza. Walakini mastadi wa Ulaya walihitilafiana juu ya jambo hili tangu mwanzo wa karne ya 19, na sehemu kubwa ya hoja yao ilihusu kidole kimoja, nacho ni gumba.

Zama hizo shingo za magitaa zilikuwa nyembamba kuliko za leo, na Mauro Giuliani, Mtaliani aliyehamia Vienna mwaka 1806, hakuona taabu kulipitisha gumba juu ya ukingo wa shingo ili libane uzi wa 6, ulio mnene kuliko wote. Sithubutu kuidharau desturi hiyo, maana Giuliani huyo huyo ndiye aliyetoa mwaka 1812 kitabu ambacho, baada ya mazoezi 120 ya mkono wa kuume, huugeukia mkono wa shoto na kuupandisha na kuushusha shingoni kwa sauti mbili mbili.

Fernando Sor, mzaliwa wa Barcelona aliyeihama Uhispania mwaka 1813, alikuwa na rai nyingine, naye aliieleza katika kitabu cha mafunzo alichokitoa Paris mwaka 1830: gumba likae nyuma ya shingo, likielekeana na vidole. Ashikaye shingo kama mpini wa jembe, kiganja kikigusa mbao, vidole vyake hulala na kuufikia uzi kwa ubavu. Bali gumba likiwa nyuma, vidole hupinda, na ncha zake hushuka wima karibu kabisa na freti, yaani kile kijiti cha madini kinachokata shingo. Hapo uzi hulia safi kwa mkandamizo mdogo, ilhali ncha ikirudi nyuma kidogo tu mtu hulazimika kukaza zaidi, na pengine uzi ukakwaruza vilevile. Kidole cha mwisho, kwa udhaifu wake, ndicho kilichofaidika kuliko vyote.

Sor hakushinda kila hoja, kwani rafiki yake Dionisio Aguado alipiga kwa kucha na yeye kwa nyama ya kidole, na ubishi huo ungaliko. Amma juu ya gumba, magitaa ya fundi Antonio de Torres wa Almería, yenye nyuzi za sentimita 65 na shingo pana, yaliipa nguvu rai ya Sor.

Nyuzi zenyewe zilikuwa za utumbo wa wanyama hadi Vita Kuu ya Pili, zilipoadimika, ndipo Albert Augustine wa New York akatengeneza za nailoni, akihimizwa na mpiga gitaa Andrés Segovia. Segovia alipozitoa ngazi zake za sauti mwaka 1953, noti zikiandikiwa nambari za vidole, alishikilia kwamba saa 2 za mazoezi hayo kila siku hurekebisha hata mkono uliokwisha kuzoea vibaya. Nami naafikiana naye, kwa sababu ngazi hizo, zikipigwa polepole, humlazimisha mtu akiache kila kidole karibu na uzi wake, kisiruke juu, na gumba liufuate mkono bila kung'ang'ania shingo.