Cheo cha Mji na Mpaka wa Mji: Maelezo kwa Wazee wa Suna

Katika mikutano ya chama mwaka huu swali moja limerudi mara nyingi: je, Migori itapanda cheo kabla ya jirani zake, au jirani watatutangulia? Halmashauri imetuagiza tulijibu katika kitabu hiki. Tumeona vema kulijibu kwa njia ya historia, maana shindano la miji jirani kugombea cheo lilianza zamani, nasi si wa kwanza kuliingia.

Barabara moja itokayo Kisii kwenda Isebania inapita Rongo, kisha Awendo, kisha inatufikia sisi hapa Suna. Na upande wa Wakuria uko mji wa Kehancha. Kila mji una hoja yake. Awendo wana kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa mwaka 1979. Rongo wana njia panda ya kwenda Homa Bay, tena wana chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2016. Sisi tunajivunia makao makuu. Wazee watakumbuka jinsi makao hayo yalivyotembea. Kwanza yalikuwa Kisii, kwa wilaya nzima ya South Kavirondo. Wagusii walipopata wilaya yao mwanzoni mwa miaka ya 1960, yetu yakahamia Homa Bay. Na Wilaya ya Migori ilipokatwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yakafika hapa. Popote yalipofika, mahakama, benki na maduka ya mawe yalifuata. Basi si ajabu kwamba watu hugombea cheo kama wagombeavyo kisima.

Mabaraza ya zamani ya miji na manispaa yalikoma mwaka 2013, kaunti zilipoanza kazi. Badala yake ikatumika Sheria ya Maeneo ya Mijini na Majiji ya mwaka 2011. Hapo kwanza sheria hiyo ilitaka mji uwe na wakazi 500,000 ndipo uitwe jiji. Mwaka 2019 hesabu hiyo ilipunguzwa kuwa 250,000, na ya manispaa ikawekwa 50,000. Lakini makao makuu ya kaunti yalifunguliwa mlango wa pekee: yaweza kuwa manispaa hata kama watu hawajatimia. Tena palikuwa na fedha. Mpango wa kusaidia miji uliogharimiwa na Benki ya Dunia ulizihusu kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa, na mji usio na hati wala bodi haukupata kitu. Ndiyo sababu mwaka 2018 hati nyingi ziliandikwa kwa haraka. Sisi tushikao kalamu twajua jinsi karatasi iandikwavyo kwa haraka inavyosomwa polepole baadaye.

Shindano lililosikika sana nchini lilikuwa la Nakuru na Eldoret. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Nakuru ilikuwa na watu 570,674 na Eldoret 475,716. Nakuru ilitangulia, ikapewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Eldoret ikaipata tarehe 15 Agosti 2024, ikawa jiji la tano. Kisumu, iliyo jirani yetu zaidi, ilikuwa imetangazwa jiji mwaka 2001, nayo ina watu wachedi kuliko zote mbili.

Nairobi yenyewe ilipata hati ya kifalme mwezi Machi 1950, kwa sherehe kubwa. Muungano wa vyama vya wafanyakazi uliokuwa ukiongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh uliwataka Waafrika wasihudhurie. Hoja yao ilikuwa kwamba ziko Nairobi mbili, ya matajiri na ya maskini, na hii ya pili haikubadilika kwa hati ile. Mwezi Mei mwaka huo huo wote wawili walikamatwa. Hatusemi haya ili kumzuia mtu kushangilia. Twasema tu kwamba swali la nani anapata nini liliulizwa tangu hati ya kwanza.

Wapo wadhanio kuwa magombano haya ni ya Afrika peke yake. Katika Jimbo la Georgia huko Marekani, vitongoji vya mji wa Atlanta vilianza kujitenga kuwa miji, na Sandy Springs ikafanikiwa mwaka 2005. Wengine wakafuata. Katika Kaunti ya DeKalb jirani watatu, Lakeside, Briarcliff na Tucker, walileta ramani zilizopandana, kila mmoja akitaka eneo la maduka la Northlake liwe upande wake, kwa kuwa maduka hulipa kodi. Ikabidi kamati ya wabunge ichore mpaka. Lakeside na Briarcliff waliungana kwa jina la LaVista Hills. Kura ilipopigwa tarehe 3 Novemba 2015, Tucker ikawa mji, na LaVista Hills ikaanguka kwa kura 136 tu.

Tunalitaja jambo hilo kwa sababu moja. Watu wale waligombana juu ya mstari kwenye ramani kuliko juu ya jina; na hapa kwetu, tukisema kweli, tumezungumza jina usiku na mchana, lakini mstari hatujauuliza. Ili hesabu ya watu itimie, mji hauna budi kusogeza mpaka wake, nao ukisogea hauendi mahali patupu. Unaingia katika mashamba ya Suna, Mashariki na Magharibi. Wapo wanachama wetu ambao makaburi ya baba zao yako kando ya nyumba, na leo ua wao unapakana na gereji. Shamba likiwa ndani ya mpaka, bodi ya mji ina sauti juu ya kuligawa na kulijenga, na kodi ya ardhi yaweza kudaiwa hata kwa aliyepanda mahindi tu. Lakini aliye ndani hupata pia taa, maji ya bomba na bei nzuri ya ploti. Vijana wetu husema faida ni kubwa kuliko hasara. Huenda ndivyo, kwa mwenye ploti ya kuuza. Mjane mwenye ekari moja atahesabu vingine.

Sheria hiyo inatoa nafasi ambayo wachache wameitambua. Bodi ya manispaa ina wajumbe 9, na vyama vya wakazi vilivyoandikishwa vina haki ya kupendekeza jina. Chama chetu kimeandikishwa. Kwa hiyo Halmashauri inamwomba kila mwanachama mwenye shamba karibu na mji alete ofisini namba ya ardhi yake kabla ya mkutano mkuu, ili tuwe na orodha moja siku wananchi watakapoitwa kutoa maoni juu ya mpaka.